Chungu cha Wazee na Chupa ya Vijana

Somo letu ni Danieli sura ya kwanza. Twalisoma tukiwafikiria wazazi wa Webuye, Bungoma na Kitale wanaohuzunika kwa sababu watoto wao wa shule hulewa wakati wa sherehe.

Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, Wabukusu hutahiri wavulana wao. Desemba huja khukhwalukha, sherehe ya kuhitimu kwao. Kijana akikutwa amelewa siku hizo, hujitetea kwamba ni mila. Je, ni kweli?

Busaa ilikuwapo. Ilitengenezwa kwa nafaka na kimea cha wimbi, ikaachwa ichachuke kwa siku kadhaa. Kazi hiyo haikufichika. Boma zima lilijua. Ikiiva ilinywewa upesi, maana haikawii kuharibika. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mvulana wa kutahiriwa aliteka maji ya kutengenezea pombe hiyo, lakini kiti penye chungu hakikuwa chake. Chungu kilikuwa cha wazee.

Chang'aa ilibadili mambo. Pombe hii hukolezwa kwa moto, hutiwa katika chupa ya soda, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na hununuliwa kwa fedha kidogo. Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, ulipopata kiwanda cha karatasi miaka ya 1970, mishahara iliingia na pombe ikawa biashara. Kijana hakuhitaji tena mzee wala kiti.

Waliotutangulia katika imani waliiona hatari. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliwakataza waumini wao pombe. Ndugu wa uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937, waliiacha pia. Serikali ilipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya 1980. Ile ya 2010 ikairuhusu kwa masharti, ikikataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, kwenye disko matanga, ambako husemwa fedha za mazishi zinachangwa, wanafunzi hucheza hadi alfajiri, na chupa hupita gizani bila mtu kuulizwa umri.

Kwa hiyo twasema: chungu kilipoondolewa penye sherehe, mzee naye aliondoka. Kuondoa chungu kulikuwa kwema. Kuondoka kwa mzee ndiyo hasara yetu, na hakuna sheria iwezayo kuketi mahali pake.

Mtazameni Danieli. Alikuwa kijana masomoni, mbali na kwao. Alipangiwa miaka 3 ya mafunzo, na divai ya mfalme kila siku. Aliikataa. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake 3. Tena alimwendea msimamizi kwa adabu, naye akamsikiliza, akakubali kuwajaribu kwa siku 10. Moyo wa kijana ulikuwa imara, na mtu mzima alikuwa karibu kumsikia.

Akina baba na akina mama, mwana akitoka jandoni, au akimaliza mtihani wa kidato cha nne, mfanyieni sherehe. Chinjeni kuku, imbeni, mshukuruni Mungu. Lakini msimwachie usiku ule peke yake. Mjomba na aketi naye, mzee wa kanisa na awepo mpaka wageni waage. Ngoma ikilia kwa jirani, mjue mwana yuko wapi na yuko na nani.

Nanyi vijana, mkitaka kushika mila, anzeni na ile ya kumsikiliza mzee.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemlinda Danieli ugenini, uwalinde wana wetu siku za furaha yao. Utupe sisi wazee subira ya kuketi pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.