Safari ya vyama vya walimu wa Kiingereza, kutoka Makerere hadi Busan

MIAKA kadhaa iliyopita niliomba kazi ya kufunza Kiingereza katika shule moja ya lugha ng'ambo. Nilikuwa na shahada, tajriba ya miaka tisa darasani na barua nzuri ya mwalimu mkuu. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili: walitaka mzungumzaji mzawa. Ala! Kiingereza nilichofunzwa tangu darasa la kwanza, tena kwa kuvishwa kibao shingoni kila nilipoteleza na kusema lugha ya mama, kilikuwa cha nani basi?

Swali hilo ndilo lililonituma kuisaka historia ya vyama vya walimu wa somo hili. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikikipigia debe Kiswahili. Leo mnivumilie, nawapeleka kwa jirani.

Tuanzie karibu na nyumbani. Januari 1961, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa imebakisha miezi kumi na moja ipate uhuru, Uganda chini ya miaka miwili, Kenya takriban mitatu. Bendera ya mkoloni ilikuwa inakaribia kushushwa huku lugha yake ikitengenezewa makao ya kudumu.

Mnamo 1992, Robert Phillipson, katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa kiisimu, alidondoa nguzo tano zilizotokana na mkutano ule: kwamba Kiingereza kifunzwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzungumzaji mzawa, kwamba mtoto akianza mapema ndivyo vyema, kwamba kikifunzwa kwa wingi matokeo huwa bora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson alisema zote tano ni potofu. Kile kibao cha shingoni kilikuwepo hata kabla ya 1961, sikatai, lakini pale Makerere kilipata wakili msomi. Hapa Kenya tayari majaribio ya kufunza kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yalikuwa yameanza Nairobi mnamo 1957, na Tume ya Ominde ikayaunga mkono mwaka wa 1964.

Vyama vyenyewe vilifuata upesi. Nchini Marekani, walimu wa Kiingereza kwa wageni walikuwa wametawanyika kama kuku wasio na banda. Aliyefunza watoto wa wahamiaji alikuwa chama hiki, aliyefunza wanafunzi wa kigeni chuoni alikuwa kile, mwanaisimu naye kwake. Walikutana Tucson mwaka wa 1964, San Diego 1965, na hatimaye New York 1966 ambako TESOL ilizaliwa, rais wake wa kwanza akiwa Harold B. Allen. Mwaka uliofuata walianza kuchapisha jarida lao.

Mwaka huo huo wa 1967, jijini London, W. R. Lee alianzisha chama cha Waingereza kilichoitwa ATEFL. Mnamo 1971 kiliongeza herufi I mbele, yaani cha kimataifa. Herufi moja tu, ila ilibidi wanachama wa mataifa mengine waipe maana.

Na waliipa. Vyama hivi vilikua kwa njia ya vyama shirika. Mwalimu wa Hungary au Japani hakulazimika kupanda ndege kila mwaka. Alikuwa na kamati yake, kijarida chake na kongamano lake. Kongamano lenyewe si hotuba za maprofesa pekee. Mwalimu wa kawaida husimama mbele ya wenzake akaeleza jinsi alivyofunza kauli ya kutendwa kwa darasa lililofurika, wenzake wakamhoji. Wengi wa walimu hao hawakuzaliwa na Kiingereza, na hapo ndipo nguzo ya pili ya Makerere ilianza kutikisika kutoka ndani.

Mnamo 1991 TESOL ilitoa tamko la kupinga ubaguzi wa walimu wasio wazawa katika ajira. Mwaka wa 1994 Peter Medgyes, Mhungaria aliyekuwa rais mwanzilishi wa chama cha kwao, alichapisha kitabu kizima kuhusu mwalimu wa aina hiyo. Hoja yake moja ilinigusa: aliyejifunza lugha kwa jasho anajua mahali ambapo mwanafunzi atajikwaa, kwa kuwa naye alijikwaa papo hapo. Mnamo 1998, kwa juhudi za George Braine, mzaliwa wa Sri Lanka, walimu hao walipata jukwaa lao ndani ya TESOL.

Bara la Asia lilikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2003, mjini Busan, Korea Kusini, kongamano la kwanza la Asia TEFL lilifanyika. Hili halikuwa tawi la London wala la Marekani. Jarida lilianza 2004, na kongamano likawa la kuzunguka: Seoul, Beijing, Fukuoka, Kuala Lumpur, Bali, Bangkok, Hanoi. Mnamo 2016 lilifika hadi Vladivostok, Urusi! Mwalimu wa Indonesia sasa husikilizwa na mwenzake wa Vietnam bila kumpitia Mwingereza.

Hapa kwetu, walimu wa lugha ninaowajua, wa Kiingereza na wa Kiswahili vilevile, hukutana kwa wingi wakati wa kusahihisha mitihani ya kitaifa. Nimewahi kuwa miongoni mwao. Jioni, juu ya chai, nilimsikia mwalimu kutoka Kitui akieleza namna anavyofunza insha kwa kutumia matangazo ya mazishi ya redioni. Tulicheka, tukamsifu, kesho yake tukarudi kwenye marundo yetu. Mbinu ile sijaiona imeandikwa popote, na mimi mwenyewe sikumwomba hata nambari ya simu.