Boksi la Spika: Karne Moja ya Ufundi wa Nyumbani

Spika yoyote ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni koili, sumaku na koni ya karatasi, vitu vinavyohitaji mashine, na kwa sababu hiyo hutoka kiwandani. Nusu ya pili ni boksi, nalo huhitaji msumeno, gundi, skrubu na mtu anayejua anachokifanya. Ndiyo maana historia ya watu waliojitengenezea spika majumbani ni, zaidi ya yote, historia ya boksi: jinsi hewa iliyofungiwa ndani ya mbao ilivyoanza kueleweka, kwanza kwa kukisia, kisha kwa hesabu.

Chimbuko la mambo ni karne ya 19. Mwaka 1874 mhandisi Mjerumani Werner von Siemens alipata hataza nchini Marekani ya koili ya waya iliyowekwa ndani ya uga wa sumaku, ikisogea kadiri mkondo wa umeme unavyobadilika. Hakuitumia kutoa sauti. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu, na mwaka 1898 Mwingereza Oliver Lodge akaielekeza koili ya aina hiyo kwenye kazi ya kutoa sauti. Wote walikwama pale pale, kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kuukuza umeme wenyewe. Kifaa hicho kilianza kupatikana baada ya mwaka 1906, mvumbuzi Lee de Forest alipobuni valvu yake ya kielektroniki, na hata hapo ilichukua miaka kadhaa kabla ya wahandisi kuielewa.

Zama za pembe zikafuata. Peter Jensen na Edwin Pridham, wakifanya kazi mjini Napa, California, waliunganisha koili na pembe ya gramafoni, na mkesha wa Krismasi wa mwaka 1915 wakapaza sauti mbele ya umati mjini San Francisco. Redio ya umma ilipoanza, Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1922, familia nyingi hazikuwa na uwezo wa kununua pembe kama hiyo. Zilichokuwa nacho ni kisikilizio kimoja cha kuvaa masikioni. Basi kiliwekwa ndani ya bakuli tupu mezani, na watu wakainama kulizunguka bakuli lile wapate kusikia. Wenye mikono myepesi walikwenda mbali zaidi: walikata karatasi ngumu, wakaikunja ikawa koni, wakaifunga kwenye kisikilizio. Majarida ya redio yalichapisha michoro ya kazi hiyo. Kwa maoni yangu, hao ndio mafundi wa kwanza wa spika za nyumbani, na inafaa wakumbukwe hivyo.

Mwaka 1925 ndio uliogawa historia hii. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric, walichapisha utafiti wao juu ya spika isiyo na pembe: koili ndogo, koni ya karatasi, na amplifaya ya kuisukuma. Spika za leo, za dukani na za kienyeji, bado zinafuata mpango huo. Lakini pamoja na koni yao palikuja tatizo lililomrudisha seremala kazini. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana, sauti nzito hufutika. Spika tupu iliyoshikwa mkononi hulia kwa sauti nyembamba isiyo na besi, na ukiiweka nyuma ya ubao mpana wenye tundu la saizi yake, besi hutokea papo hapo. Ubao huo ndio boksi la kwanza. Mengine yote ni ubao ule ule uliokunjwa ili usijaze chumba.

Swali likawa: wimbi la nyuma lifanywe nini? Albert Thuras wa Bell Laboratories aliwasilisha jibu lake mwaka 1930. Badala ya kulifungia wimbi hilo, alilitobolea boksi njia ya pili. Hewa iliyo katika njia hiyo na hewa iliyo ndani ya boksi hutetemeka pamoja, sawa na chupa inavyovuma mtu anapopuliza mdomo wa chupa hiyo, na mvumo huo ukipangwa vizuri huisaidia koni pale inapoishiwa nguvu. Hataza yake ilitolewa mwaka 1932. Boksi la tundu likaingia majumbani, ila bila kanuni. Mtu alitoboa, akasikiliza, akaziba kidogo, akasikiliza tena.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana waliofundishwa redio na rada jeshini walirudi makwao, na vifaa vya ziada vya kijeshi vikauzwa kwa bei ya chini. Mwaka 1948 ikaja santuri ya kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye sauti safi kuliko zilizoitangulia. Mambo hayo yalizaa kizazi cha wajenzi. Marekani, Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, alijenga pembe kubwa iliyokunjwa ndani ya kabati na kuwekwa kwenye kona ya chumba, kuta za nyumba zikawa mwendelezo wa pembe yenyewe. Uingereza, Gilbert Briggs, aliyeanzisha kampuni ya Wharfedale mwaka 1932, alitoa mwaka 1948 kitabu cha spika kwa msomaji wa kawaida, na alipenda kuta za mbao mbili zilizojazwa mchanga katikati ili boksi lenyewe lisitetemeke. Kingston, Jamaika, Hedley Jones, aliyerudi kutoka jeshi la anga la Uingereza, alitengeneza mitambo ya muziki wa mitaani, na kutoka katika mitambo ya namna hiyo ukakua utamaduni mzima wa dansi za uwanjani. Ufundi wa nyumbani haukuwa burudani ya wenye nafasi peke yao. Kwa wengine ulikuwa riziki.

Maboksi ya zama hizo yalikuwa makubwa mno. Edgar Villchur, wa Marekani, alibadilisha hilo mwaka 1954, alipounda spika yenye koni legevu ndani ya boksi dogo lililozibwa kabisa. Hewa iliyofungiwa ikawa springi ya kuirudisha koni mahali pake. Mtu mwenye chumba kimoja sasa aliweza kuwa na besi ya kweli, na santuri za stereo zilipoanza kuuzwa mwaka 1958, zikihitaji spika mbili, udogo huo ukawa na thamani maradufu.

Hata hivyo, hadi hapo fundi wa nyumbani alikuwa bado anabahatisha. Aliyemkomboa ni Neville Thiele, mhandisi wa Australia, aliyechapisha mwaka 1961 hesabu kamili ya boksi la tundu. Inasikitisha kwamba makala yake ilitoka katika jarida la nchini mwake na ulimwengu haukuizingatia kwa miaka kumi, mpaka ilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971. Richard Small, katika Chuo Kikuu cha Sydney, aliikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walionyesha kwamba tabia ya spika katika besi hutabirika kwa namba chache tu: mtetemo wake wa asili, ulegevu wa koni yake ukilinganishwa na ujazo wa hewa, na kiasi cha breki inayowekewa na sumaku.

Hebu tuone hesabu hiyo kwa karibu. Chukua boksi lenye hewa ya lita 42, na bomba la plastiki la maji taka, lenye upana wa ndani wa sentimita 10. Ukitaka boksi livume kwa mitetemo 40 kwa sekunde, bomba likatwe kwa urefu wa takriban sentimita 28. Likikatwa kwa sentimita 15, mvumo unapanda hadi mitetemo 50. Sentimita 13 za plastiki ndizo zinazotenganisha besi ya kina na besi ya kugonga, na sikio peke yake haliwezi kumwambia fundi akate wapi.

Mwaka 1978 historia hii ilipita katika ardhi ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Kongo. Sumaku bora za spika wakati huo zilikuwa za alniko, mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka mkoa wa Shaba, yaani Katanga. Mwezi Mei waasi waliingia Kolwezi, mji wa migodi wa mkoa huo, kazi ikasimama, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Viwanda vya spika vikaharakisha kuhamia sumaku za feriti, nyeusi, nzito na rahisi, ambazo hazihitaji kobalti. Feriti hizo ndizo zilizojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, katika miongo iliyofuata.

Kwa hiyo fundi wa Afrika Mashariki alirithi pande zote mbili za historia: spika ya bei nafuu kutoka ng'ambo, na jadi ya useremala ya kwake. Hukata plaiwudi au MDF, hufunika kwa kapeti, hupiga vyuma kwenye kona, na boksi huenda harusini, kanisani, kwenye mkutano wa kampeni au ndani ya matatu. Mikono yake haina upungufu. Kilichochelewa kumfikia ni hesabu ya Thiele na Small, kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza cha kihandisi na kwa miaka mingi ilihitaji kompyuta. Ndiyo maana maboksi mengi bado hunakiliwa kwa macho kutoka boksi la jirani, hata kama spika iliyomo ni nyingine kabisa. Sasa programu za hesabu hiyo zinapatikana bure, nyingine hata kwenye simu, na spika nyingi za viwandani zina karatasi ya vipimo vyake. Ombi langu kwa mafundi, na kwa vyuo vinavyowafunza, ni kwamba karatasi hiyo isomwe kabla ubao haujakatwa.