Mwaka wa Molly, Mwaka wa Nyanya

Desemba ya 2024 nilishuka basi Malaba alfajiri, nikapanda boda hadi Moding nikiwa na begi la nguo, mikate miwili na kitabu kimoja cha mpwa wangu. Kitabu nilikuwa nimekitoa kwa wale wauzaji wa inama jijini Nairobi, jalada limechanika kidogo. Kiliitwa Meet Molly, hadithi ya msichana wa Marekani mwaka wa 1944.

Kama hujakutana na vitabu vya American Girl, habari yake ni hii. Vilianza mwaka wa 1986 na wasichana watatu, kila mmoja na enzi yake: Kirsten wa 1854, Samantha wa 1904 na Molly wa 1944. Mwaka wa 1993 akaongezeka Addy, binti anayetoroka utumwani mwaka wa 1864, aliyeandikwa na Connie Porter. Kila msichana aliuzwa na mwanasesere wake, tena kwa bei ya kutisha. Biashara ni biashara. Lakini kuna jambo moja walilipatia: historia haiingii na rais wala jenerali. Inaingia na chakula. Baba yake Molly ni daktari, vita vimempeleka Uingereza, na Molly amekaa mezani akigoma kula mboga asiyoipenda. Vita vya Pili vya Dunia viko pale pale kwenye sahani.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 11. Alikimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu akanifuata jikoni.

"Shangazi, kwani 1944 huku kwetu kulikuwa na nini?"

Nikaanza kujibu kama mwalimu. Nikamwambia kuhusu KAR, kuhusu vijana wa Kenya na Uganda waliopelekwa Burma kupigana vita vya Mwingereza. Akanikatiza.

"Hao ni wanaume. Mimi nauliza wasichana."

Nilinyamaza. Nimesoma historia hadi chuo kikuu, na sikuwa na la kumwambia. Kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba kitambulisho cha nyanya yangu kimeandikwa 1944. Na Nyanya mwenyewe alikuwa pale nje, chini ya mwembe, akichambua wimbi kwenye ungo.

Tukaenda kukaa naye. Mpwa wangu hakumwambia "tuelezee historia". Alimuuliza, "Nyanya, ukiwa kama mimi ulikuwa unaamka saa ngapi?"

Hapo mlango ukafunguka. Aliamka jogoo la kwanza, akateka maji mtoni, kisha akapiga magoti kwenye jiwe kusaga wimbi na muhogo mkavu. Msimu wa pamba ukifika, walichuma hadi vidole vikachubuka. Shuleni alienda miaka miwili tu. Karo iliyokuwepo ilikuwa ya mtoto mmoja, na kaka yake ndiye alikuwa mvulana.

"Hakunishinda kwa hesabu," Nyanya akasema. "Hata yeye alijua."

"Ulikasirika?"

Nyanya aliendelea kupepeta. "Siku hiyo nilisaga unga hadi mama akaja kuniuliza nasagia nani. Unga ulikuwa umejaa nyumbani."

Ni miaka mingi namjua nyanya yangu, na hiyo sikuwahi kuisikia. Si kwamba alificha. Hakuna aliyemuuliza.

Usinielewe vibaya, vitabu vyetu vipo. Charity Waciuma aliandika Daughter of Mumbi mwaka wa 1969, kuhusu kukua kwa msichana Mkikuyu hadi ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Wengi wetu tulisoma The River and the Source ya Margaret Ogola, ya 1994, tukamfuata Akoko na vizazi vilivyomfuata. Lakini nikiwa msingi, niliowasoma kwa kicheko ni akina Moses wa Barbara Kimenye, wavulana watupu na utundu wao. Msichana wa mpakani, anayesaga wimbi na kuzungumza Kiteso, sikumsoma popote.

Na si kwamba mpaka huu umekosa enzi. Mwaka wa 1902 Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Iteso wakabaki pande mbili. Kuna msichana aliyelala siku hiyo na shangazi jirani, akaamka shangazi yuko nchi nyingine. Mwaka wa 1931 reli iliyopita Malaba na Tororo ilifika Kampala. Kuna msichana aliyeacha mbuzi akakimbilia kuona treni, na jioni akachapwa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na miaka ile ile ya Amin kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwa magendo. Kuna msichana aliyeambiwa afumbe mdomo kuhusu magunia yaliyolala chini ya kitanda chake.

Hawa nimewawaza tu. Lakini Nyanya sikumwaza, yupo, Desemba ile alikuwa na miaka 80, na siku hizi akisimulia husahau jina la mto.

Kwa hiyo mpwa wangu alichukua daftari la hesabu akaligeuza nyuma. Akaandika: "1954. Nyanya ana miaka kumi." Chini yake akaacha nafasi, akaandika: "2020. Mimi nina miaka saba." Nikamuuliza hiyo ya nini.

"Si shule zilifungwa? Si malori yalipanga foleni Malaba hadi tukachoka kuhesabu? Hiyo pia ni enzi."

Akanizidi tena.

Ukienda nyumbani, usimwambie bibi yako akupe historia. Atakwambia haijui, kwa sababu alifundishwa kwamba historia ni ya waliosoma. Muulize alikuwa anaamka saa ngapi. Muulize nani aliendelea na shule, na yeye alikuwa wapi siku hiyo. Kisha utafute kalamu haraka.

Nyanya naye alikuwa na swali lake kabla sijapanda boda kurudi. Aliuliza kama daftari lile likiisha, tutanunua lingine.