Kugeuza video fupi kuwa picha ya GIF

GIF ni picha inayocheza na kujirudia bila sauti. Muundo huu ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, na kila fremu hubeba rangi zisizozidi 256. Ndiyo maana machweo ya bahari hutoka na mabaka, lakini leso ya rangi mbili tatu ikipepea hutoka safi.

Njia nyepesi niitumiayo ni WhatsApp. Chagua video, ikate isizidi sekunde 6, bonyeza alama ya GIF itakayojitokeza, kisha utume. Kwa mtandao wa X, natumia tovuti ya ezgif.com: pakia video, weka sekunde ya mwanzo na ya mwisho, punguza upana hadi pikseli 480 na fremu 10 kwa sekunde, kisha pakua.

Usiruke hatua ya kupunguza. Mara nyingi GIF huwa nzito kuliko video iliyotokana nayo, na bando hulilipa mtazamaji.

La mwisho ni stara. Kina mama wakicheza ukumbini, wakishakuwa GIF, watajirudia bila kikomo kwenye simu za wasiowajua. Waombe ruhusa kwanza.