Kanzidata ya kulipia au ya huria? Tuanzie kwa waliosoma makala zilezile

Kila mwaka, miezi ya kuandika mapendekezo ya utafiti ikifika, swali ni lilelile: nitumie Oracle au PostgreSQL? SQL Server au MySQL? Wanaojibu huanza na bei. Bei ni jambo kubwa, sikatai, hasa kwa mtu anayeishi kwa bumu. Lakini ukiifuata historia unakuta bei ndiyo sehemu nyepesi ya swali. Sehemu nzito ni hii: siku mwenye programu akibadilika au akibadili mawazo, wewe unabaki na nini mkononi?

Turudi 1970. Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani vitani na sasa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala kuhusu namna mpya ya kupanga data. Enzi hizo data zilipangwa kama mti: shina, matawi, vijitawi. Programu ya IBM iliyoitwa IMS, ambayo ilianza kama kazi ya safari za Apollo za kwenda mwezini, ilifanya hivyo. Tatizo la mti ni kwamba lazima ujue njia. Ukitaka kujua wanafunzi wote waliofeli hisabati, na mti ulipangwa kwa kuanzia na vyuo, inabidi upande tawi baada ya tawi. Mpangilio ukibadilika, programu yako nayo inakwama. Codd alisema wekeni kila kitu kwenye majedwali, mtu aseme anataka nini, kazi ya kutafuta njia iwe ya mashine.

IBM haikukimbilia wazo hilo. IMS ilikuwa inaingiza fedha, na nani anapenda kuua ng'ombe anayekamuliwa? Waliunda kikundi cha utafiti, System R, ambacho ndicho kilichozaa lugha ya SQL. Lakini watafiti hao walifanya jambo moja lililobadilisha kila kitu: walichapisha makala zao hadharani. Yeyote mwenye maktaba nzuri angeweza kuzisoma.

Waliozisoma walikuwa wa aina mbili. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, maprofesa Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza mradi wa Ingres mwaka 1973. Wanafunzi waliandika msimbo, na chuo kilituma kanda zenye msimbo wote kwa aliyeomba, kwa ada ndogo tu. Upande wa pili, mwaka 1977, Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walifungua kampuni yao. Mwaka 1979 waliuza Oracle "toleo la pili". Toleo la kwanza halikuwahi kuuzwa. Waliona hakuna mteja atakayenunua kitu kipya kabisa. IBM wenyewe walianza kuuza ya kwao baadaye, 1981.

Kwa hiyo, huria na biashara havikuzaliwa maadui. Vilinyonya ziwa moja. Hata SQL Server ya Microsoft ina damu ya Berkeley: Robert Epstein, aliyefanya kazi kwenye Ingres, alishiriki kuanzisha kampuni ya Sybase, na programu ya Sybase ndiyo Microsoft walianza nayo.

Palipotokea mgawanyiko hasa, kwa maoni yangu, ni kwenye ruhusa ya kusema. Mwaka 1983 David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walichapisha vipimo vya kasi vya kanzidata mbalimbali. Oracle haikufanya vizuri, na Ellison hakufurahi. Baadaye leseni ya Oracle ikawa na kipengele kinachokataza kuchapisha vipimo bila idhini ya kampuni, na kampuni nyingine zikaiga. Hadi leo watu wanakiita kipengele cha DeWitt. Ndiyo maana ukisoma makala za utafiti unakutana na "DBMS-X" au "Mfumo A". Si kwamba mwandishi kasahau jina. Amefungwa mdomo. Kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake nzima ni vipimo, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Stonebraker aliipeleka Ingres sokoni, kisha akarudi chuoni na 1986 akaanza mradi mwingine, Postgres, yaani "baada ya Ingres". Mradi ulifungwa 1994. Hapo ungekufa, kama maelfu ya miradi ya vyuo inavyokufa. Lakini msimbo ulikuwa wazi. Wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuongezea SQL, na mwaka 1996 watu wa kujitolea wakaupokea kwa jina la PostgreSQL. Hakuna kampuni inayoumiliki. Na kitabu chake cha mwongozo, PDF ya zaidi ya kurasa 2,000, kinatolewa bure kwa leseni ileile ya programu: soma, nakili, tafsiri ukitaka. Mimi SQL nimejifunzia humo, kwenye simu, faili likiwa limetoka kwenye flashi ya rafiki.

Usidhani kila huria iko hivyo. MySQL ilianza 1995 kwa Michael "Monty" Widenius, Mfini, na Waswidi David Axmark na Allan Larsson. "My" ni jina la binti wa Monty. Mwaka 2008 Sun waliinunua kampuni yao kwa takriban dola bilioni 1. Miaka miwili baadaye Oracle wakainunua Sun, na MySQL ikawa mali ya mshindani wake mkubwa. Monty alikuwa ameshachukua msimbo na kuanzisha MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo. Msimbo aliweza kuubeba kwa sababu leseni iliruhusu. Kitabu je? Mwongozo wa MySQL haukuwa chini ya leseni hiyo ya huria. Unausoma bure mtandaoni, lakini si wako kuubeba na kuuendeleza. Watu wa MariaDB iliwabidi waandike wa kwao.

Jambo hili lilifika mpaka kwetu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ulijengwa juu ya MySQL. Mwenye MySQL alipobadilika mara mbili ndani ya miaka miwili, kliniki hazikulazimika kuomba ruhusa mpya kwa yeyote ili ziendelee kufungua mafaili ya wagonjwa.

Oracle nayo nisiionee. Ina toleo la bure la kujifunzia, XE, lenye kikomo cha GB 12 za data kwa toleo la 21c, na miongozo yake inasomeka mtandaoni bila kulipa. Benki inayotaka mtu wa kumpigia simu saa nane usiku ina sababu ya kulipa.

Msimamizi wangu ni mtu wa Oracle tangu zamani. Tulibishana wiki mbili. Nikamfungulia leseni, nikamwonyesha kipengele cha vipimo, kisha nikamwonyesha sura ya nne ya tasnifu yangu, ambayo ni majedwali ya kasi mwanzo mpaka mwisho. Akavua miwani, akacheka. "Haya," akasema, "weka hiyo PostgreSQL yako."