Jumanne ya Waziri Kiongozi: Ugatuzi na Uwajibikaji Nchini Wales

Bunge la Wales, linalojulikana kwa jina la Senedd, linapokuwa katika vikao vyake, Jumanne mchana ni zamu ya Waziri Kiongozi, mkuu wa serikali ya Wales, kujibu maswali. Wabunge wameketi katika ukumbi wa mviringo. Juu yao, nyuma ya vioo, wananchi wanatazama. Jengo hilo la Cardiff Bay, lililosanifiwa na Richard Rogers na kufunguliwa rasmi tarehe 1 Machi 2006, lilijengwa kwa vioo vingi makusudi, ili mwananchi aone kinachofanyika ndani. Nia ilikuwa njema. Lakini kumwona kiongozi akijibu ni jambo moja, na kulipata jibu ni jambo jingine kabisa.

Hoja ya makala hii ni kwamba maswali ya Jumanne yanafaa sana kumpima mtu aliyeshika madaraka, ila hayafai kupima sera zake. Ni rahisi kulaumu kelele na vijembe vya wanasiasa. Mimi naona kasoro iko katika ugatuzi wenyewe wa Uingereza, ambao humwachia Waziri Kiongozi njia mbili za kutokea kila anapobanwa: moja inaelekea juu, London, na nyingine inaelekea chini, kwenye halmashauri na bodi za afya.

Historia yenyewe ni fupi. Katika kura ya maoni ya Septemba 1997, watu wa Wales walikubali kuwa na bunge lao kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu. Chombo kilichoanza kazi mwaka 1999 kikiwa na wajumbe 60 hakikuwa hata na uwezo wa kutunga sheria kamili. Sheria ya mwaka 2006 ilitenganisha serikali na bunge. Kura ya maoni ya 2011 ikaruhusu sheria kamili kutungwa Cardiff. Sheria ya 2017 ikageuza utaratibu, kwamba Senedd inaweza kutunga sheria juu ya jambo lolote ambalo London haikujihifadhia. Tangu Aprili 2019 hata sehemu ya kodi ya mapato inapangwa Wales. Kwa kila hatua, mzigo wa kujibu uliongezeka. Muda na namna ya kujibu havikuongezeka kwa kiasi hicho.

Utaratibu ni huu. Mbunge huwasilisha swali la msingi siku kadhaa kabla, na kura ya bahati nasibu huamua nani ataingia kwenye orodha. Viongozi wa vyama vya upinzani wao huuliza papo kwa papo, maswali matatu kila mmoja. Tuseme mbunge anauliza serikali inafanya nini kupunguza ucheleweshaji wa magari ya wagonjwa katika eneo lake. Jibu la kwanza ni sentensi mbili zilizoandaliwa na watumishi wa serikali. Hapo mbunge anasimama na swali la nyongeza, ambalo ndilo alilokusudia tangu mwanzo: bibi wa miaka themanini na kitu ameanguka jikoni, amelala sakafuni saa nyingi akisubiri. Waziri Kiongozi anatoa pole, anataja mamilioni ya pauni yaliyotengwa, anakumbusha kwamba uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa bodi ya afya. Spika anamwita mwingine. Dakika tatu zimetosha, na hakuna aliyesema uongo. Ila ukiifungua Hansadi baadaye, iliyochapwa kwa Kiwelshi na Kiingereza, huoni mahali popote palipoandikwa nani atafanya nini, na lini.

Njia ya juu ndiyo maarufu zaidi. Polisi, mahakama na sehemu kubwa ya mafao ya hifadhi ya jamii viko London. Sehemu kubwa ya bajeti ya Wales pia hutoka Hazina ya London, kwa kanuni ya Barnett, inayoipa Wales mgawo kulingana na kinachotumika Uingereza yenyewe, yaani England. Kanuni hiyo ina mambo yake ya ajabu. Reli ya mwendo kasi ya HS2 iliandikwa kuwa mradi wa England na Wales pamoja, ingawa hakuna hata maili moja ya njia hiyo inayopita Wales. Kwa hiyo Wales haikupata mgawo, ilhali Scotland na Ireland ya Kaskazini zilipata. Waziri Kiongozi anayelalamikia hilo ana haki. Vivyo hivyo kuhusu mali za Taji, ambazo mapato yake Scotland inayasimamia na Wales haiyasimamii. Shida ni kwamba lalamiko la haki likirudiwa kila Jumanne hugeuka kuwa jibu la kila swali, hata lile ambalo ufunguo wake uko Cardiff.

Kwa miaka 14, kuanzia 2010 hadi Julai 2024, chama cha Labour kilikuwa kikitawala Wales huku chama cha Conservative kikitawala London, na lawama ilipanda juu bila kumgusa mwanachama mwenzao wa Labour. Serikali ya London ilipoingia mikononi mwa Labour, Eluned Morgan, aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu Agosti 2024, alijikuta anaulizwa maoni yake kuhusu kupunguzwa kwa posho ya wazee ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, uamuzi wa serikali ya chama chake mwenyewe. Katika hotuba ya Mei 2025 alijitenga waziwazi na uamuzi huo. Hapo njia ya juu ilikuwa imeziba, na kilichosikika kilikuwa msimamo wa kweli. Nadhani hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi njia ile ilivyokuwa ya starehe hapo awali.

Njia ya chini inazungumzwa kidogo, na kwangu ndiyo ya hatari zaidi. Wales ina bodi saba za afya na halmashauri 22. Bodi kubwa kuliko zote, Betsi Cadwaladr, inahudumia watu wapatao 700,000 kaskazini mwa nchi. Mwaka 2015 serikali iliiweka chini ya uangalizi maalumu, ikaitoa mwaka 2020, kisha Februari 2023 ikairudisha. Mara hii ya pili, waziri wa afya aliwataka wajumbe wa kujitegemea wa bodi waachie ngazi, nao wakaachia. Waziri huyo alikuwa Eluned Morgan. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale mbele kila Jumanne kuulizwa juu ya hospitali zilezile. Sasa, bodi ambayo serikali inaiteua, inaifadhili, inaiwekea uangalizi na inaweza kuwaondoa wakuu wake, kwa kipimo gani inaitwa mhusika mwingine? Mtu hawezi kuwa mwenye nyumba siku ya kufukuza wapangaji, halafu akawa mpita njia siku paa linapovuja.

Mwananchi naye hasaidiwi. Utafiti wa maoni ulioendeshwa kwa ajili ya BBC mwaka 2014 ulikuta kwamba chini ya nusu ya watu wa Wales walijua huduma za afya ziko chini ya serikali ya Cardiff, miaka 15 baada ya jukumu hilo kukabidhiwa. Magazeti mengi wanayosoma huandikwa London, na habari ya hospitali za England huingia Wales bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba haiwahusu. Katika hali hiyo, jibu la Waziri Kiongozi lina kazi ambayo jibu la Waziri Mkuu wa London halina: kabla ya kutetea sera, linapaswa kueleza mpaka wa dhamana. Jibu linalouvuruga mpaka huo humpoteza mwananchi ambaye tayari hana ramani.

Atakayepinga hoja hii atauliza: je, maswali ya Jumanne hayakumng'oa kiongozi? Yalichangia, nakubali. Vaughan Gething, aliyezaliwa Lusaka, Zambia, na mama Mzambia na baba Mwelshi, alichukua uongozi Machi 2024 akiwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya kitaifa barani Ulaya. Kampeni yake ya kugombea uongozi wa chama ilikuwa imepokea pauni 200,000 kutoka kampuni ambayo mmiliki wake alikwisha kutiwa hatiani kwa makosa ya mazingira. Gething alishikilia kwamba hakuvunja kanuni yoyote. Wiki baada ya wiki upinzani ulirudi palepale. Tarehe 5 Juni alishindwa katika kura ya kutokuwa na imani, 29 kwa 27, akaendelea kukaa. Tarehe 16 Julai, mawaziri wanne walipojiuzulu siku moja, akatangaza kuondoka. Lakini tazama swali lilikuwa la namna gani. Lilihusu mtu mmoja, uamuzi mmoja, fedha moja. Halikuwa na London ya kusingiziwa wala halmashauri ya kutupiwa. Kwa swali la namna hiyo, maswali ya papo kwa papo ni chombo kikali kweli.

Linganisha na kikomo cha mwendo wa magari. Senedd iliidhinisha kikomo kipya mwaka 2022, na kuanzia tarehe 17 Septemba 2023 mwendo wa kawaida katika barabara za makazi ukashushwa kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa, kwa lengo la kuokoa maisha. Sera hiyo ina utetezi mzuri na takwimu za majeruhi zilizofuata zimeipa nguvu. Ila barabara gani ingebaki na maili 30? Serikali ilisema halmashauri ndizo zenye kuamua. Halmashauri zikasema mwongozo wa serikali umezibana. Swali hilo lilipigwa danadana huku ombi la kutaka sera ifutwe likikusanya sahihi takriban 470,000, katika nchi yenye watu milioni 3.1, halijapata kutokea ombi kubwa kama hilo katika historia ya Senedd. Aprili 2024 waziri mpya wa uchukuzi, Ken Skates, alikubali kwamba mwongozo ubadilishwe na baadhi ya barabara zirudi mwendo wa zamani. Jambo ambalo lingeweza kunyooshwa kwa saa mbili za mahojiano ya utulivu kabla ya alama za barabarani kubadilishwa lilisubiri ghadhabu ya umma.

Na mahojiano ya utulivu si ndoto. Wakati wa uviko, Mark Drakeford, Waziri Kiongozi wa wakati huo na aliyewahi kuwa profesa wa sera za jamii katika Chuo Kikuu cha Cardiff, alisimama mbele ya waandishi wa habari mara kwa mara akieleza kwa nini Wales inafunga shughuli zake kuanzia tarehe 23 Oktoba hadi 9 Novemba 2020 wakati England haijafanya hivyo. Alikosolewa vikali, hasa kwa kuyazuia maduka makubwa kuuza bidhaa zisizo za lazima. Hata hivyo kila mtu alijua nani ameamua. Alijibu kwa kirefu, bila pa kukimbilia, na Mei 2021 chama chake kilipata viti 30 kati ya 60.

Senedd yenyewe ina chombo cha namna hiyo: kamati ya kumhoji Waziri Kiongozi, inayoongozwa na Naibu Spika na kuundwa na wenyeviti wa kamati nyingine. Huchukua mada moja, humkalisha Waziri Kiongozi kwa muda mrefu, na mara nyingine huketi nje ya Cardiff. Kasoro yake ni kwamba hukutana mara chache. Sababu iliyokuwa ikitolewa ilikuwa uhaba wa watu: ukiondoa mawaziri, Spika na naibu wake, wabunge waliosalia kati ya 60 walikuwa wakigawanywa katika kamati mbili au tatu kila mmoja. Sheria ya mwaka 2024 imeongeza idadi hadi 96 kuanzia uchaguzi wa Mei 2026, kwa majimbo 16 yenye wabunge sita kila moja. Wakosoaji wana wasiwasi, nami ninao, kwamba orodha zinazopangwa na vyama zitawafanya wabunge wamwogope katibu wa chama kuliko mpiga kura. Lakini kisingizio cha uhaba wa watu hakipo tena.

Kinachohitajika hakidai sheria mpya. Kamati hiyo ikutane kila mwezi bunge linapokuwa kazini. Na kila Waziri Kiongozi anapojibu Jumanne kwamba jambo fulani ni la bodi, la halmashauri au la London, atakiwe ndani ya wiki mbili kuweka mezani barua inayotaja ofisi yenye dhamana, sheria inayoipa dhamana hiyo, na hatua ambayo serikali yake inaweza kuchukua endapo ofisi hiyo itashindwa. Barua za namna hiyo zikikusanywa kwa mwaka mmoja, zitamfaa mgonjwa wa kaskazini mwa Wales kuliko majibu yote aliyoyasikia tangu Betsi Cadwaladr iwekwe chini ya uangalizi kwa mara ya kwanza.