Tairi Isiyo na Tyubu

Mwaka 1889 mpanda baiskeli mmoja alifika kiwandani kwa ndugu Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, na tairi ya Dunlop iliyotoboka. Tairi hiyo ilikuwa imegandishwa kwenye rimu kwa gundi. Kuitengeneza kulichukua saa tatu, na gundi ikataka usiku kucha ipate kukauka. Asubuhi Édouard Michelin aliijaribu, wala haikwenda mbali ila ilitoboka tena. Ndipo ndugu hao walipobuni tairi ya kuvuliwa, yenye tyubu mbali. Na mwaka 1891 Charles Terront aliitumia akashinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, mwendo upatao kilomita 1,200.

Basi sifa ya tyubu haikuwa kushika upepo tu, bali kumwezesha mpandaji kujitengenezea njiani. Jambo hilo husahauliwa na wanaoidharau leo.

Mwaka 2006 Hutchinson na Shimano walileta tairi zisizo na tyubu kwa baiskeli za barabarani. Kingo za tairi zabana rimu hata upepo usipenye, na ndani humiminwa utomvu uzibao tundu dogo papo hapo. Faida si haba: tairi hujazwa upepo kidogo zaidi, wala hamna tyubu ya kubanwa na rimu ishukapo shimoni. Lakini tundu likiwa kubwa, mpandaji hushindana na kingo ngumu kandokando ya njia, mikono imejaa utomvu. Na kitu akitafutacho mfukoni, aghalabu, ni tyubu.